Magunia yanachapika, kilo zinaangusha programu

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 20, naishi Mbale. Nyumbani tunanunua kahawa kutoka kwa wakulima wa mlimani, na mimi ndiye ninayeshika daftari. Tangu Januari najifundisha asembli, lugha iliyo karibu kabisa na amri za prosesa, kwenye laptopu ya kaka yangu, yenye Linux na prosesa ya biti 64. Nimeandika programu ndogo ya kuchapa mzigo wa mkulima: kwanza magunia, halafu kilo. Magunia yanatoka vizuri. Ikifika kwenye kilo inakufa, na terminali inaandika Segmentation fault. Hii hapa:

    main:
        lea   rdi, [rel maneno_magunia]
        mov   esi, [rel magunia]
        xor   eax, eax
        call  printf    ; hapa salama
        lea   rdi, [rel maneno_kilo]
        movsd xmm0, [rel kilo]
        mov   eax, 1
        call  printf    ; hapa inakufa
        xor   eax, eax
        ret

Magunia ni 12, kilo ni 718.5. Nilifungua gdb, chombo cha kukagua programu, ikasema imeangukia ndani ya printf, siyo kwangu. Amri yenyewe ni movaps XMMWORD PTR [rsp+0x50],xmm0, na rsp ilikuwa 0x7fffffffdd98. Nilidhani anwani ni mbovu, nikaikagua kwa x/2gx $rsp+0x50, ikafunguka bila shida. Kumbukumbu ipo! Kinachonivuruga zaidi ni hiki: rafiki yangu aliniambia niweke push rbx mwanzoni mwa main na pop rbx kabla ya ret. Hiyo rbx siitumii popote, lakini programu ikapona. Kaka anasema printf ya toleo hili ina kasoro. Ni kweli? Na je, niiache hivyo hivyo?

Msomaji, Mbale

JIBU

Marahaba mwanangu, hujambo. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimefurahi, kwa sababu hukuishia kuniambia kwamba programu imekufa. Umenipa amri iliyofia, na umenipa namba iliyokuwa kwenye rsp, yaani rejista (kisanduku kidogo ndani ya prosesa) inayoshika anwani ya staki, eneo la kumbukumbu ambamo funksheni huweka vitu vyao vya muda. Kwa vitu hivyo viwili tatizo lako linajulikana bila hata kuiona laptopu. Nianze na neno la kaka: hapana, printf haina kasoro. Kosa liko kwenye main yako, na lilikuwapo tangu kabla ya magunia kuchapwa.

Najua linauma kusikia hivyo wakati gdb yenyewe imekuonyesha kidole kwenye maktaba ya C. Lakini wazee walituambia tusiangalie tulipoangukia, tuangalie tulipojikwaa, na kwenye asembli maneno hayo ni ya kila siku.

Tuanze na jina la ugonjwa. Hapa kwetu mtu akiamka na homa, jirani anamwambia ni malaria, nenda kanunue dawa. Lakini taifodi nayo huleta homa, na mpaka upimwe damu ndipo ujue. Segifolti, yaani hiyo Segmentation fault, ni homa. Karibu kila mtu anafundishwa maana moja tu ya neno hilo: umegusa anwani isiyo yako. Maana hiyo ni ya kweli. Kumbukumbu imegawanywa katika kurasa za baiti 4096, na kerneli, kiini cha Linux, ina jedwali linalosema ukurasa upi ni wa programu ipi na unaruhusiwa kufanywa nini. Ukigusa ukurasa usiokuwa kwenye jedwali, prosesa inasimama, inaiweka anwani uliyoigusa kwenye rejista iitwayo CR2, kisha inapiga hitilafu namba 14. Kerneli inaamka, inaangalia, inaona huna haki, inakutumia ishara namba 11, SIGSEGV. Ndiyo maana ukiandika echo $? baada ya programu kufa unaona 139: ni 128 ukijumlisha 11.

Ila kuna hitilafu nyingine, namba 13. Hiyo prosesa huipiga pale unapovunja sheria ambayo haihusu ukurasa kuwapo au kutokuwapo. Linux inapoipokea, inakutumia ishara ileile namba 11. Terminali inaandika maneno yaleyale. Wewe ulikagua anwani ukakuta kumbukumbu ipo, ukabaki umeduwaa, kwa sababu ulikuwa unapima malaria kwenye damu yenye taifodi.

Vipimo vya kutenganisha ni viwili, na vyote ni vya dakika moja. Cha kwanza ni sudo dmesg, inayoonyesha maandishi ya kerneli. Kwa ugonjwa wako utakuta mstari wa namna hii:

    traps: kahawa[4127] general protection fault ip:7f3c1a460c5d sp:7ffc5e0d1a98 error:0 in libc.so.6

Ingekuwa ni ukurasa usiokuwapo, mstari ungeandika segfault at, halafu anwani, halafu error na namba. Namba hiyo nayo inasomeka: 4 ni programu ya kawaida iliyojaribu kusoma pasipokuwapo, 6 ni iliyojaribu kuandika pasipokuwapo, 7 ni iliyojaribu kuandika kwenye ukurasa uliopo lakini uliozuiwa kuandikwa, kwa mfano ukurasa wa maneno yako ya kudumu. Kipimo cha pili kiko ndani ya gdb. Andika p $_siginfo.si_code. Ukipata 1 au 2, ni mambo ya kurasa. Wewe utapata 128. Na tahadhari hapo: ukiomba pia anwani iliyokosewa, itakuambia sifuri. Wengi hudanganywa na sifuri hiyo, wakatumia siku nzima kutafuta pointa tupu, yaani anwani ya sifuri, ambayo haipo. Sifuri ile maana yake ni kwamba prosesa haikutaja anwani yoyote.

Sasa movaps. Amri hii ilikuja na Pentium III mwaka 1999, pamoja na rejista za xmm zenye biti 128, yaani baiti 16. Inahamisha baiti zote 16 kwa mkupuo mmoja, lakini kwa sharti: anwani ya kumbukumbu lazima igawanyike kwa 16 bila kubaki kitu. Ipo ndugu yake, movups, isiyodai hivyo. Herufi a ile katikati ndiyo inayodai. Anwani isipogawanyika, hitilafu namba 13, papo hapo, hata kama kumbukumbu ni yako, umeilipia na unaruhusiwa kuiandika.

Kujua kama namba ya heksadesimali, yaani ile inayoanza na 0x, inagawanyika kwa 16 hakuhitaji kikokotoo. Tazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa 0 inagawanyika, ikiwa kitu kingine haigawanyiki. Basi chukua rsp yako, 0x7fffffffdd98, ongeza 0x50, unapata 0x7fffffffdde8. Inaishia na 8. Jibu lilikuwa kwenye barua yako mwenyewe.

Hiyo 8 imetoka wapi? Hapa ndipo ulipojikwaa, na naomba twende polepole, kwa sababu ukielewa aya hizi mbili umepata kitu ambacho utakitumia maisha yako yote ya kazi hii. Kwenye Linux ya biti 64 yako makubaliano ya kuitana baina ya funksheni. Humo ndimo ilimoandikwa kwamba hoja ya kwanza iende rdi, ya pili rsi, kisha rdx, rcx, r8, r9. Hayo unayajua, umeyafuata. Humo humo imeandikwa kwamba anayeita ahakikishe rsp inagawanyika kwa 16 kabla tu ya call. Amri call yenyewe inasukuma anwani ya kurudi, baiti 8, kwenye staki. Kwa hiyo kila funksheni inapoanza, ikiwemo main yako, inakuta rsp inayoishia na 8. Hiyo si bahati, ni ahadi.

Rudi nyuma kwa hesabu. Main yako ilianza na rsp ikiwa 0x7fffffffde78. Inaishia na 8, ahadi imetimizwa. Wewe hukusukuma kitu, ukaita printf moja kwa moja. Call ikaondoa 8, printf ikaanza na 0x7fffffffde70. Yenyewe ilitarajia mwisho wa 8, ikakuta 0. Kisha ikajitengea nafasi kwa sub rsp, 0xd8, yaani baiti 216. Namba 216 haikuokotwa. Ni 16 mara 13 na 8 juu yake, na ile 8 ya juu ipo makusudi ili ikutane na 8 ya anwani ya kurudi, zifanye 16. Printf ilipiga hesabu yake sawasawa juu ya msingi ambao wewe ulikuwa umeusogeza. Ikatua 0x7fffffffdd98, namba ileile uliyoniandikia. Chukua kalamu uhakikishe.

Push rbx ya rafiki yako iliteremsha rsp kwa 8 zaidi: 0x7fffffffde70 kabla ya call, 0x7fffffffde68 ndani ya printf, 0x7fffffffdd90 baada ya sub. Ongeza 0x50, unapata 0x7fffffffdde0. Sifuri mwishoni. Rbx haikuwa na dawa yoyote, ila baiti zake 8 ndizo zilizosawazisha staki. Ungesukuma rejista nyingine yoyote ingekuwa vilevile.

Na magunia je, mbona yalipita? Kwa sababu ya xor eax, eax. Funksheni kama printf, zinazopokea hoja bila idadi maalumu, husoma al kujua ni rejista ngapi za xmm zimebeba hoja. Uliposema sifuri, printf iliruka kabisa sehemu ya kuhifadhi xmm. Uliposema 1, kwa ajili ya desimali, ikaingia na kuhifadhi zote nane, xmm0 hadi xmm7, kila moja kwa movaps, na ya kwanza ikakwama. Kwa hiyo sitaki uamini kwamba magunia yako salama. Ile call ya kwanza ina kosa lilelile. Kwenye toleo la printf lililoko kwenye laptopu ya kaka halikuadhibiwa tu. Matoleo ya maktaba yanatofautiana, na funksheni nyingine, scanf mojawapo, zimeshaonekana zikitumia movaps hata al ikiwa sifuri. Programu ya namna hiyo inaweza kufanya kazi Mbale na ikaanguka ikifika Kampala kwenye kompyuta nyingine.

Jambo dogo kando, kwa kuwa unapenda kuchapachapa ili kujua programu imefika wapi. Ielekeze programu hiyo hiyo iandike kwenye faili badala ya terminali, utaona hata mstari wa magunia haupo. Printf huweka maneno kwenye hifadhi ya muda kwanza. Kwenye terminali mstari hutoka ukifika mwisho, lakini kwenye faili husubiri hifadhi ijae au programu ifunge vizuri. Programu ikifa ghafla, yaliyokuwa yakisubiri hufa nayo. Nimeona watu wazima wakiapa kwamba kosa liko kabla ya mstari wa kwanza, eti kwa kuwa haukuchapwa.

Je, uache push rbx? Kwa ufundi si kosa. Hata kompaila, programu inayogeuza C kuwa amri za prosesa, husukuma rejista yoyote kwa ajili hiyo tu. Lakini usiiache kama hirizi. Mwezi ujao utahitaji r12, utaongeza push ya pili, 8 na 8 zitafanya 16, na ugonjwa utarudi siku ambayo hukugusa printf hata kidogo. Andika wazi unachokusudia:

    main:
        sub   rsp, 8    ; kusawazisha staki
        ...
        add   rsp, 8
        xor   eax, eax
        ret

Kisha zoea kuhesabu. Kila funksheni inaanza na deni la 8. Push zikiwa moja, tatu, tano, deni limelipwa. Zikiwa sifuri, mbili, nne, ongeza sub rsp, 8. Ukitenga nafasi ya staki, ihesabu nayo.

Umesema rbx huitumii popote, na hapo siwezi kukuacha, kwa sababu rejista hiyo imewahi kuninyima usingizi wa siku tatu. Niliandikia kituo kimoja cha kununua kahawa programu ya C, na ndani yake kipande cha asembli cha kujumlisha uzito wa magunia. Kipande kilikuwa changu, kifupi, nilikipenda. Nilitumia rbx kubeba jumla. Nilipoijaribu nyumbani bila kuiamuru kompaila irahisishe kazi, ilikwenda safi. Nilipoikompaili kwa -O2 ili nikawakabidhi, ikaanza kufa, tena si kwenye kipande changu bali mistari arobaini mbele, kwenye sehemu ya kuandika jina la mkulima. Nikaikagua sehemu hiyo ya jina usiku mzima. Usiku wa pili vilevile.

Usiku wa tatu umeme ulikatika mapema, laptopu ikabaki na betri kidogo, nikaamua kuacha kusoma C nikasoma dmesg tu. Iliandika segfault at 2d8, error 4. Nikaingia gdb, amri iliyokufa ilikuwa mov rax, [rbx+8]. Nikaandika 2d8 nyuma ya daftari la mtoto kwa mwanga wa simu na kuigeuza: 728. Toa zile 8, inabaki 720. Nikaitazama namba hiyo muda mrefu. Rbx ilitakiwa kuwa anwani ya rekodi ya mkulima, kitu kama 0x5555555592a0, na badala yake ilikuwa na 720. Magunia 12 ya kilo 60 kila moja. Ulikuwa ndio mzigo niliouingiza kama mfano! Jumla yangu ya kahawa ilikuwa imekaa kwenye kiti cha anwani.

Makubaliano yaleyale ya kuitana yanasema rbx, rbp na r12 hadi r15 ni amana: funksheni ikizitumia, lazima izirudishe kama ilivyozikuta. Mimi nilitumia rbx bila kuihifadhi. Bila kurahisishwa, kompaila ya C iliweka kila kitu kwenye staki, rbx ikabaki haina mtu, na dhambi yangu haikuonekana. Kwa -O2 iliiweka pale anwani ya mkulima, ikaniamini nisiiguse. Push rbx mwanzoni, pop rbx mwishoni, kipande kikapona. Tangu siku hiyo, amri ikianguka, kabla ya kufikiri chochote natazama kila rejista na kujiuliza: namba hii naijua? Ni uzito? Ni bei? Ni herufi? Mara nyingi naijua.

Kwa hiyo nina ombi, mwanangu. Ukisharekebisha, usifunge gdb. Weka break main, endesha, kisha display/i $rip na display/x $rsp, halafu usogee kwa stepi, amri moja moja, mpaka uingie ndani ya printf. Tazama tarakimu ya mwisho ya rsp ikibadilika: 8, 0, 8, 0. Ukifika kwenye movaps na ukaiona inapita, niandikie. Na mwonyeshe kaka pia.

SWALI

Assalaam aleykum dada yangu. Niko Arua, nina duka la vifaa vya simu. Programu yangu ya asembli inasoma jina la mteja kwa scanf na %s. Nimeanza na sub rsp, 24 na jina linaingia kwenye rsp yenyewe. Nimekusudia baiti 16 za jina na 8 za kusawazisha. Majina mafupi hayana tatizo. Mwanangu alipobonyeza herufi a bila kuachia, programu ilianguka kwenye amri ret. Ninachoshangaa, gdb inaonyesha rip bado iko kwenye ret. Je, ret inaweza kuharibika?

Msomaji, Arua

JIBU

Waaleykum salaam kaka. Staki umeisawazisha vizuri, na mwanao amekufanyia jaribio ambalo watu wazima huwa wanalisahau. Ret haiharibiki. Kazi yake ni moja: kuchukua baiti 8 zilizo juu ya staki na kuruka kwenda huko. Ukiwa hapo ilipoangukia, andika x/gx $rsp. Nina hakika utaona 0x6161616161616161. Herufi a ndogo kwa ASCII ni 0x61. Hizo ni herufi nane za mwanao, zimekaa pale ilipokuwa anwani ya kurudi.

Nafasi yako ilikuwa baiti 24, na juu yake tu ndipo ilipo anwani hiyo. Herufi ya 25 ilianza kuila. Kwa kweli hata herufi 24 kamili zingetosha kuharibu, kwa sababu scanf hufunga jina kwa baiti ya sifuri, na sifuri hiyo ingeandikwa juu ya baiti ya kwanza ya anwani.

Kwa nini rip haikuhama? Kwenye prosesa hizi anwani za kawaida zina biti 48 za kweli, na biti 16 za juu lazima zifanane zote na biti namba 47. Namba 0x6161616161616161 haifuati sharti hilo, haiwezi kuwa anwani ya mahali popote, kwa hiyo prosesa ilikataa mlangoni, kabla ya kuondoka kwenye ret. Ni hitilafu 13 tena, ile niliyomweleza kijana wa Mbale hapo juu. Lau herufi zingekuwa chache, zikaharibu baiti za chini tu, anwani ingebaki na sura halali, ret ingeruka, na ungeikuta rip iko mahali pa ajabu. Ukiona hivyo siku nyingine ujue ni ugonjwa huuhuu.

Badilisha %s iwe %15s, herufi 15 na sifuri moja. Na usitegemee kinga ambayo kompaila za C huweka kwenye staki kugundua uharibifu wa namna hii: asembli uliyoiandika kwa mkono haina kinga hiyo usipoiweka mwenyewe. Jina la mteja ni kitu kinachotoka nje. Kipime kabla hakijaingia ndani.

SWALI

Habari za kazi Mwalimu. Niko Tororo, natumia Raspberry Pi yenye ARM ya biti 64. Sharti la 16 kwenye staki linanihusu?

Msomaji, Tororo

JIBU

Nzuri, ndugu yangu. Linakuhusu, tena kwa ukali zaidi. Kwenye ARM ya biti 64 chini ya Linux, ukisoma au kuandika kumbukumbu kwa kutumia sp wakati haigawanyiki kwa 16, prosesa inakataa hapo hapo, bila kungoja amri maalumu kama movaps. Utapata ishara tofauti, SIGBUS, kwa hiyo angalau hutachanganya homa mbili. Tofauti nyingine ni kwamba kuita funksheni kwa bl hakusukumi kitu kwenye staki. Anwani ya kurudi inakaa kwenye x30. Ukiita funksheni ndani ya funksheni bila kuihifadhi x30, inafutwa, na ret yako itakuzungusha palepale bila mwisho. Ndiyo maana utaona karibu kila funksheni inaanza na stp x29, x30, [sp, #-16]! na kumalizika na ldp x29, x30, [sp], #16. Rejista mbili za baiti 8, jumla 16. Sukuma kwa jozi kila wakati, hata kama ya pili huihitaji.